Nani Aliyesema Spika Lazima Iwe na Boksi?

Ingia duka lolote la vifaa vya sauti mjini Kitale, au ushuke hadi Bungoma uwaulize mafundi wa redio kandokando ya soko la Chepkube, utapewa hukumu ileile: spika bila boksi haina besi, na spika isiyo na besi haifai hata kusikilizia habari. Hukumu hutolewa kwa sauti ya mtu anayetaja sheria ya maumbile. Mnunuzi huikubali, hulipa, hupakia boksi lake kwenye bodaboda, na jioni hiyo ploti nzima hujua kwamba fulani amenunua wufa, yaani boksi la besi. Wimbo unaopigwa hawaujui. Wanachojua ni kwamba ukuta unatetemeka.

Naipinga hukumu hiyo. Sisemi kwamba boksi ni baya kila mahali. Lina pahali pake, nami nitapataja. Ninachosema ni kwamba kwa nyumba tunazoishi, kwa muziki tunaoupenda na kwa spika ambazo mifuko yetu inazimudu, mara nyingi boksi ndilo linaloharibu sauti. Ubao mmoja wa plaiwudi, uliokatwa tundu la mviringo na kufungwa spika kwa skrubu nne, usio na mgongo wala mbavu wala kifuniko, huyaacha nyuma mengi ya maboksi yanayosifiwa madukani. Na ubao huo mtu hujitengenezea mwenyewe nyumbani, kwa alasiri moja, kwa msumeno wa kukopa.

Nianze na historia, maana wanaoapa kwamba spika haijapata kuishi bila boksi wamezisahau redio za babu zao. Spika ya koni tunayoitumia leo inatokana na kazi ya Chester Rice na Edward Kellogg, wahandisi wa kampuni ya General Electric huko Marekani, waliochapisha matokeo yao mwaka 1925. Jambo ambalo kila mtengenezaji wa spika alilazimika kulitatua tangu wakati huo ni hili: koni inaposukuma hewa mbele, papo hapo inaivuta nyuma, na mawimbi hayo mawili yakikutana kwenye ukingo hufutana. Dawa ya kwanza ilikuwa ubao. Weka kizuizi kipana kati ya mbele na nyuma, na sehemu kubwa ya sauti za chini itaokoka. Boksi lililozibwa pande zote, ambalo leo linatajwa kama amri, lilikuja kupata umaarufu miaka thelathini hivi baadaye, Edgar Villchur alipotoa spika ya AR-1 mwaka 1954. Iliwavutia wanunuzi kwa sababu ilitoa besi nzito kutoka kitu kidogo kinachoenea kwenye rafu. Lakini Villchur hakuchukua spika yoyote tu na kuitumbukiza ndani. Alitumia spika iliyoundwa kwa ajili ya boksi lile, yenye koni iliyolegezwa makusudi ili hewa iliyofungiwa ndani ifanye kazi ya springi. Anayechukua spika ya kawaida ya dukani na kuizibia ndani ya kisanduku hajafanya alichofanya Villchur. Ameiga umbo, akaacha maarifa.

Katika miaka hiyohiyo redio za valvu zilikuwa zikiingia Kenya, zile za mbao zilizokaa juu ya kabati sebuleni na kufunikwa kitambaa cha kufuma. Mgongo wake ulikuwa kadibodi yenye matundu. Kadibodi hiyo haikuwekwa kuzuia sauti; iliwekwa ili vidole vya watoto visifike penye umeme. Spika ilipumua mbele na nyuma. Daudi Kabaka alipotamba Afrika Mashariki katika miaka ya 1960 na Helule Helule, wimbo ambao bendi ya Uingereza The Tremeloes iliurekodi upya mwaka 1968, waliomsikia redioni wengi walimsikia kupitia masanduku yaliyo wazi nyuma, na nchi ilicheza. Amplifaya nyingi za gitaa za Fender zina mgongo wazi hadi leo, na sijasikia mpiga gitaa akiomba ule mgongo uzibwe.

Sasa tuje kwenye besi, maana ndiyo ngome yao.

Wapinzani wangu wana hoja, nami sitaificha. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde. Mlio wa mitetemo 1,000 kwa sekunde, yaani hezi 1,000, una wimbi la urefu wa sentimita 34. Mlio wa hezi 100 una wimbi la mita 3.4. Ubao wa upana wa futi 2 ni ukuta mbele ya wimbi la kwanza, lakini wimbi la pili huuzunguka kana kwamba haupo. Kwa ubao wa kiasi hicho, upungufu huanza karibu na hezi 280, na kila ukishuka hadi nusu ya hapo unapoteza desibeli 6 nyingine. Ukifika hezi 70 umeshapoteza kama desibeli 12. Hayo ni kweli, na mtu anayekuuzia ubao huku akikuambia kwamba haupotezi chochote ni mwongo sawa na yule muuza wufa.

Kosa lao ni kuishia hapo, kana kwamba ubao ndio unaoimba peke yake. Spika yenyewe ina tabia yake. Kila koni ina hezi zake inazozipenda, ambapo ikiguswa kidogo tu hucheza sana, na kinachoizuia isipitilize ni sumaku. Sumaku kubwa hushika breki kali; sumaku ndogo huiacha koni iendelee kuyumba. Wahandisi huipima tabia hiyo kwa namba waliyoipa jina la Q. Neville Thiele alieleza hesabu zake huko Australia mwaka 1961, na Richard Small akaziendeleza mjini Sydney mwanzoni mwa miaka ya 1970. Tangu wakati huo hakuna mhandisi makini anayechonga boksi bila kuijua Q ya spika yake. Spika ya sumaku nzito, yenye Q ya 0.3 au 0.4, inahitaji boksi lenye tundu lililopimwa. Spika yenye Q ya 0.7 kwenda juu yenyewe huinua sauti zake za chini, palepale ambapo ubao unazipunguza. Upungufu wa mmoja unafidiwa na wingi wa mwingine.

Hapa ndipo mambo yanapogeuka. Spika za bei nafuu, zile za koni ya karatasi na sumaku ndogo ambazo fundi huzisukuma pembeni kwa dharau, mara nyingi ndizo zenye Q kubwa. Sumaku ni sehemu ya gharama, na mtengenezaji anayetafuta bei ya chini huanza kupunguza hapo. Kwa hiyo spika ambayo mtu wa Kitale anaweza kuinunua ndiyo hasa inayoutaka ubao, na ndiyo isiyolitaka boksi.

Asiyeamini na afanye hesabu. Chukua spika yenye Q ya 0.9, ambayo ulegevu wa koni yake ni sawa na ulegevu wa hewa ya lita 100, kisha uizibie ndani ya boksi la lita 50, ambalo kwa macho ya mnunuzi ni boksi kubwa la heshima. Hewa ya ndani huifanya koni iwe ngumu mara tatu ya ilivyokuwa, na Q hupanda hadi 1.56 hivi. Matokeo yake ni kilima cha zaidi ya desibeli 4 mahali pamoja, na chini ya hapo bonde. Kila noti ya gitaa la besi inayopita karibu na kilima hicho hutoka na sura moja. Mpigaji amepanda ngazi, amekwenda mbele na kurudi, na wewe umesikia buu, buu, buu. Hiyo ndiyo inayoitwa besi madukani. Ni boksi linajiimbia lenyewe.

Na hapo bado tunajifanya kwamba fundi anazo namba. Hanazo. Spika tupu inayouzwa Bungoma huja na kipenyo chake, omu zake, na idadi ya wati iliyobandikwa nyuma ya sumaku na mtu asiyejulikana. Namba za Thiele na Small hazipo kwenye karatasi yoyote. Fundi hukata boksi kwa kipimo cha boksi aliloliona jana, hutoboa tundu la hewa kwa upana wa bomba alilonalo, na husema Mungu atasaidia. Sio kwamba namlaumu. Anafanya anachoweza na mteja anasubiri. Ila boksi lililokisiwa lina njia nyingi za kukosea, na ubao una chache. Ukiukata ubao kwa upana wa futi 2 badala ya futi 2 na inchi 3, tofauti utaisikia kwa shida. Tundu la hewa likikosewa inchi chache, spika yako imekuwa chombo kingine.

Kuta za boksi nazo zina yake ya kusema. Plaiwudi nyembamba isiyotiwa mihimili ndani hutetemeka pamoja na koni, na jumla ya kuta hizo ni pana kuliko koni yenyewe. MDF, yaani ubao wa unga wa mbao uliogandamizwa, ina uzito mzuri, lakini nyumba za Trans Nzoia, kaunti yenye mji wa Kitale, zinajua mvua. Bati likivuja usiku mmoja, MDF hufura kama mandazi, na viungo vya boksi vikiachana, boksi lililozibwa limekoma kuzibwa. Ubao ukivimba ukingoni utauchukia kwa macho tu.

Niliseme na hili la wati, kwa sababu linanikera. Kwenye katoni za wufa husomeka wati 5,000, wati 10,000, kwa herufi nyekundu. Igeuze mashine usome kibandiko cha umeme nyuma: inavuta wati 40, au 60. Kifaa hakiwezi kutoa nguvu mara mia ya kile kinachoingia. Kama kingeweza, tungekifunga kwenye gridi ya taifa. Namba hizo ni za kupamba katoni, na zimewaharibu wanunuzi wetu kwa kuwafundisha kuuliza ni wati ngapi, badala ya kuuliza maneno ya mwimbaji yanasikika au la. Spika ya koni pana ya karatasi, inchi 10 au 12, hutoa karibu desibeli 90 umbali wa mita moja kwa wati moja tu. Sebuleni, mtu anayesikiliza bila kugombana na jirani hatumii zaidi ya wati chache. Bodi ndogo ya amplifaya inayokula umeme wa volti 12, iliyofungwa kwenye betri ya sola, inatosha ubao. Ukitaka kuinua besi kwa kitufe, pandisha kwa kiasi. Kila desibeli 10 zinadai nguvu mara 10, na koni isiyo na hewa ya kuizuia nyuma itafika mwisho wa safari yake na kugonga. Utaisikia. Rudisha kitufe.

Jambo ambalo mafundi wetu hawalizungumzii kabisa ni chumba. Spika husikilizwa ndani ya nyumba, na nyumba nyingi tunazopanga zina chumba cha futi 10 kwa 12, sakafu ya saruji, kuta za plasta, na juu mabati. Chumba kama hicho kina milio yake: kwa urefu wake wa mita 3.6 huitikia karibu hezi 47, na kwa upana wake wa mita 3 huitikia karibu hezi 57. Peleka besi ya boksi humo ndani. Boksi humwaga sauti za chini pande zote, mbele, nyuma, pembeni, na chumba huzipokea na kuzirudia, hasa likiwekwa pembeni mwa ukuta mahali tunapopenda kuliweka. Ngoma imeshapigwa na kunyamaza. Chumba bado kinavuma.

Ubao haufanyi hivyo. Kwa kuwa mbele na nyuma hufutana pembeni, sauti yake ina umbo la namba 8: hutoka mbele, hutoka nyuma, na ubavuni huwa ndogo sana. Kwa sauti ileile inayokufikia ukiwa umekaa mbele yake, ubao humwaga chumbani theluthi moja tu ya nishati ambayo chanzo kinachosambaza pande zote kingeimwaga. Ndiyo maana besi ya ubao, ingawa haifiki chini sana, husikika kavu na yenye kuanza na kuisha. Siegfried Linkwitz, Mjerumani aliyefanya kazi Hewlett-Packard na kufariki mwaka 2018, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kuboresha spika za namna hii. Jina lake limo katika kichujio cha Linkwitz-Riley ambacho kila mtu wa sauti za jukwaani hukitumia, hata asipojua ni nani. Mtu huyo angeweza kutengeneza boksi lolote. Miradi yake mikubwa ya mwisho ilikuwa ya ubao wazi. Tukimwambia fundi wa Kitale kwamba ubao ni wa wasio na pesa, tumwambie na hilo pia.

Ubavu wa ubao una matumizi mengine. Kwenye ploti, nyumba mbili hugawana ukuta mmoja. Geuza ubao ili ubavu wake uelekee ukuta wa jirani, na sehemu kubwa ya ugomvi wa usiku hupungua. Haitaisha, kwa kuwa kuta hurudisha sauti na wimbo unapita chini ya mlango, lakini kinachopita si kile kishindo kinachopanda kwenye godoro. Kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo zilizotungwa mwaka 2009 chini ya sheria ya mazingira zinataja mitetemo waziwazi, na anayeishi ukuta kwa ukuta na wufa anajua sababu bila kusomewa. Kanisa dogo la mabati nalo lina la kujifunza hapa. Kipaza sauti kikisimama ubavuni mwa ubao hupokea kidogo sana cha sauti inayotoka kwenye spika, na ule mluzi unaomkatiza mhubiri hupungua. Kwa waumini arobaini, mahubiri yanayoeleweka ni bora kuliko mahubiri yanayotetemesha madirisha.

Muziki wetu wenyewe unasema nini? Litungu la Wabukusu lina nyuzi saba, na uhai wake uko katika sauti za kati: kidole kinavyouacha uzi, ngozi inavyoitika, sauti ya mwimbaji inavyopanda juu yake huku mabega yakicheza kamabeka. Siilili, inayopigwa kwa upinde, iko juu zaidi. Chini ya hezi 60 hakuna chochote cha kusikiliza hapo. Ngoma za isukuti za majirani zetu wa Kakamega, ambazo dansi yake UNESCO iliiorodhesha mwaka 2014 kama urithi unaohitaji kuokolewa haraka, zina mapigo mafupi, makali, yanayokimbizana. Boksi lenye kilima huyaunganisha yote kuwa mngurumo mmoja. Uzi mzito wa gitaa la kawaida una hezi 82. Sauti ya mwanamume akizungumza huanzia takriban hezi 85. Tukisikiliza Sulwe FM kwa Kibukusu, tunachokitafuta ni konsonanti za mtangazaji, na hizo ziko maelfu ya hezi juu. Yote haya ubao unayabeba vizuri. Tunanunua mashine za kupiga kile ambacho muziki wetu mwingi hauna, kisha tunalipia kwa kupoteza kile ulicho nacho.

Ndiyo, najua, vijana wanasikiliza nyimbo zenye besi ya kompyuta inayoshuka hadi hezi 40 na chini. Kwao ubao peke yake hautoshi. Basi wauache ubao ubebe sauti kuanzia hezi 80 kwenda juu na waiachie wufa waliyonayo tayari kazi ya chini tu, kwa sauti ndogo. Wufa ikipewa kazi moja huwa na adabu.

Kuna pingamizi moja ninaloliheshimu kuliko la besi: nafasi. Ubao unataka kusimama mbali na ukuta ulio nyuma yake, sentimita 60 walau, mita moja ikipatikana, ili sauti ya nyuma irudi ikiwa imechelewa kiasi cha sikio kuitenga na ile ya mbele. Katika chumba chenye kitanda, kochi, jiko na ndoo za maji, mita moja ni shamba. Aliye na chumba cha namna hiyo anazo njia mbili. Ya kwanza ni kuusogeza ubao ukutani asipotumia, na kuuvuta nje anaposikiliza. Hauna uzito, mtoto wa darasa la sita anaubeba. Ya pili inachekesha lakini inafanya kazi: penye dari, funga spika kwenye ubao unaoziba mlango wa dari. Mbele inaimba chumbani, nyuma inaimba kwenye ule uwazi chini ya mabati, na mawimbi mawili hayakutani kabisa. Huo ndio ubao usio na mwisho ambao vitabu vinausimulia, na gharama yake ni ngazi. Popo watalalamika.

Mengine wanayoyasema si pingamizi bali ni visingizio. Vumbi: piga brashi, au shona kitambaa chepesi. Watoto kuchokoa koni: wavu wa waya. Sura: spika ya ubao haina mataa ya rangi yanayocheza, hilo nakubali. Ubao wa saiprasi uliopigwa randa na kutiwa vanishi una sura yake pia, na baada ya katazo la ukataji miti lililoanza mwaka 2018 na kuondolewa 2023, mafundi seremala wa upande huu wamejua thamani ya kipande cha mbao kilichobaki.

Nilisema boksi lina pahali pake. Ni nje. Agosti ya miaka inayogawanyika kwa mbili, Bungoma inapopeleka wavulana wake jandoni, barabara zikijaa waimbaji na boma likijaa wageni hadi alfajiri, usilete ubao. Hewa wazi haina kuta za kusaidia, umati unakula sauti, na kinachotakiwa ni nguvu. Vivyo hivyo harusi, matanga, krusedi ya uwanjani. Hapo kodi maboksi makubwa na jenereta yake. Lakini ni ajabu kwamba kipimo cha uwanja kimekuwa kipimo cha sebule, na mtu mwenye chumba cha futi 10 kwa 12 ananunua kwa hofu ya umati ambao hautakuja.

Kwa nini basi imani hii imesimama imara? Sababu mojawapo ni biashara ya kawaida. Boksi linaonekana. Lina kona, lina ujazo, linajaza bodaboda, na mwenye duka anaweza kulipandishia bei kwa sababu mnunuzi haoni ndani. Ubao hauna ndani. Mteja anaiona spika, anaona sumaku yake, anaona nyaya mbili, na anaanza kuuliza maswali. Sababu nyingine ni heshima, na hapa lawama ni yetu sisi wanunuzi: kitu kilichotengenezwa na jirani kwa mkono kinaitwa cha kubahatisha, na kitu kilichotoka kwenye katoni kinaitwa cha kweli, hata kama ndani ya katoni kuna spika ileile ya sumaku ndogo iliyogundishwa kwenye ubao mwembamba kuliko ule ambao jirani angeutumia.

Basi nawapa mafundi wa Kitale na Bungoma jaribio, si mahubiri. Shiti moja ya plaiwudi ya futi 8 kwa 4, unene wa milimita 18, hutoa mbao nne za futi 4 kwa 2, yaani jozi mbili. Gawaneni gharama watu wawili. Kwa makadirio yangu, sehemu ya mmoja, pamoja na spika mbili tupu na bodi ya amplifaya, haiachani sana na bei ya gunia la mahindi. Tundu la spika lisiwe katikati ya upana. Lisogezwe upande mmoja, ili umbali hadi kingo usilingane, na mlio mmoja usije ukafutika wote kwa pamoja. Ukingo wa tundu kwa nyuma ukatwe mshazari, koni ipumue. Ubao ukae sakafuni kabisa, kwa kuwa sakafu huufanya uwe kama mrefu maradufu, na uegemezwe kwa vipande viwili vya pembetatu nyuma. Ukiongeza twita, yaani spika ndogo ya sauti za juu, kapasita moja ya mikrofaradi 10 mbele ya twita ya omu 4 itaanzia karibu hezi 4,000. Kapasita hiyo iwe isiyo na nguzo, yaani ambayo haijali chanya na hasi.

Kisha fungueni mojawapo ya maboksi yenu, toeni spika iliyomo, ifungeni kwenye ubao. Pacha lake liacheni kama lilivyo. Sawazisheni sauti ya zote mbili, tandazeni shuka mbele ili msikilizaji asione, na mumkalishe mama mwenye nyumba, si fundi. Pigeni taarifa ya habari kwanza. Pigeni litungu. Pigeni kwaya ya shule. Pigeni mwishowe wimbo wowote wa besi mnaoutumia kuuzia wufa. Swali la kumwuliza ni hili: ni ipi inayompa maneno yote? Akichagua boksi kwa wimbo wa mwisho, sitashangaa. Akilichagua kwa taarifa ya habari, boksi lenu limetengenezwa vizuri kuliko mengi niliyoyasikia, na ningependa kujua mlilipimaje.